Bakuli Halirudi Tupu

Jumatatu, 7 Oktoba

Hosiyat kaondoka. Basi la asubuhi, kwenda Namangan kwa dada yake aliyejifungua. Atarudi Jumapili. Kaniachia fedha za matumizi ndani ya kopo la chai, juu ya kabati, pamoja na maagizo: nyama ya Ijumaa, mtungi wa gesi ukiisha ubadilishwe, na kilicho bora kabisa kiwekwe kwa ajili ya Jumapili, maana ndiyo siku washenga wanakuja kumposa binti yetu Nafosat. Nikamwambia mke wangu kwamba anatumia fedha kama mtu anayemwagilia bustani. Nikamwambia akirudi atalikuta kopo na nusu yake humo humo. Hakubishana. Alicheka tu, akapanda basi. Hata basi lilipong'oa nanga nilimwona dirishani bado anacheka.

Kicheko kile kimenikaa kooni. Miaka yote hii natengeneza saa za watu wa mji wetu, Marg'ilon, najua kila jino la kila gurudumu, leo nishindwe na jiko? Nusu! Tena zaidi ya nusu.

Nimeanza leo leo. Majani ya chai ya asubuhi nimeyaanika dirishani yatumike tena. Nafosat karudi kutoka chekechea anakofundisha, nikammiminia. Akakitazama kikombe, akauliza kama birika halikuoshwa vizuri. Nikasema hiyo ni chai nyepesi, inasifiwa kwa afya. Kainywa kimya. Ana subira mtoto huyu. Hakuirithi kwangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Akili imenifunguka! Tena kwa mkono wa Zumrad, mke wa Mashrab.

Mashrab ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Tangu majira ya kuchipua yeye ndiye mwenyekiti wa mtaa. Kiti hicho nilikitaka mimi. Nilipata kura yangu na ya Hosiyat, na ya Hosiyat nina shaka nayo. Basi. Leo Zumrad kaja kurudisha bakuli ambalo Hosiyat alimpelekea boga ndani yake wiki iliyopita. Ndani yake sambusa za tanuri, bado za moto, mafuta yanachuruzika. Nimeshika bakuli pale mlangoni, nikasimama kama mtu anayeota.

Mtaani kwetu bakuli halirudi tupu. Bora mtu alale njaa kuliko kurudisha chombo cha jirani kitupu. Ajuza asiye na kitu atatia japo zabibu kavu za kujaza kiganja. Na hakuna anayepima kilichokuja! Anapima bakuli! Supu nyepesi ndani ya bakuli kubwa inarudi sambusa. Watu wameishi na dhahabu hii tangu enzi za mababu na hakuna aliyeinama kuiokota.

Nimepika supu ya karoti. Sufuria kubwa, karoti chache, maji ya Mungu mengi. Nikayatoa mabakuli yote mapana ya Hosiyat, yale ya wageni. Nikamwomba Nafosat ayapeleke. Akachungulia ndani.

"Baba, hii ni supu au maji tuliyonawia mikono?"

Akakataa. Mara ya kwanza maishani. Haya, nimepeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kitambaa begani. Kazi ya wanawake na watoto, najua. Mwenye haja haoni haya.

Jumatano, 9 Oktoba

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema kweli! Mabakuli yamerudi yamejaa: kutoka kwa Zumrad, sambusa za boga. Kwa Bibi Sabohat, ajuza wa nyumba ya kona, pilau lenye vipande vya nyama ninavyoweza kuvitaja kimoja kimoja. Wengine makomamanga, jibini, mikate miwili ya ufuta. Tumekula kama bwana harusi. Yaani mimi nimekula. Nafosat kachukua mkate na komamanga, akaenda kula uani, mgongo kanipa mimi.

Kopo sijaligusa. Nimelitikisa tu, nisikie.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimeongeza ukubwa wa vyombo. Masinia! Katikati ya kila sinia vipande vya figili vilivyotiwa siki, vimepangwa kama ua. Supu nayo nimeiongezea maji, ile ile ya juzi.

Watu wana tabia za ajabu wakipewa vitu. Bibi Sabohat alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauliza kazi inakwendaje, watu bado wanatengeneza saa kweli siku hizi za simu? Nikasema wachache. Akasema Mungu hamtupi mja wake. Nikaona uzee umemzidishia ucha Mungu.

Mashrab ndiye aliyefungua mlango kwake. Alilitazama lile sinia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kaka Tolib, kama kuna jambo, useme. Mimi ni jirani yako kabla sijawa mwenyekiti." Nikacheka moyoni. Jambo! Anainusa siri yangu, anataka niimwage bure. Nikajibu kwamba sina jambo, tuna kila kitu, alhamdulillahi. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo uso wake ulivyozidi kuhuzunika. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Nafosat karudi na macho mekundu. Chekechea wanamuuliza kama mama yake ametukimbia, kwa nini baba yake anazunguka vichochoroni na mabakuli. Nilitaka kumwambia ni hekima ya uchumi. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha akaletwa kuku.

Kuku mzima!

Ijumaa, 11 Oktoba

Wameleta mafuta ya kupikia. Chupa nzima, haijafunguliwa, ndani ya bakuli la supu! Nani anarudisha supu kwa chupa ya mafuta? Mtaa huu una watu wakarimu lakini hawana hesabu.

Habari kubwa zaidi. Mama yake Javlon, kijana anayemposa Nafosat, anaitwa Bi Muhabbat, jana alionekana langoni kwa Bibi Sabohat, koti la kijivu, anauliza habari zetu. Ndivyo inavyokwenda: washenga kabla ya kubisha kwako hubisha kwa majirani. Neno moja la jirani hujenga nyumba, neno moja huibomoa. Nikafurahi. Watamwambia nini zaidi ya kwamba nyumba ya Tolib inagawa chakula kila siku?

Nafosat hakufurahi. Anampenda kijana huyu, hilo nalijua ingawa hajasema. Ni fundi umeme, mpole, nyumbani kwao upande wa pili wa mji wanafuga ng'ombe. Tangu arudi kutoka kazini binti anapiga pasi kitambaa kile kile cha kichwa. Akaja akakaa mbele yangu.

"Baba, sikuombi kitu kingine maisha yangu yote," akasema. "Jumapili tu. Jumapili moja usibane matumizi."

Nilitazama mikono yake. Bado imeshika kile kitambaa cha kichwa. Nikachukua mkate juu ya kitambaa cha chakula, nikaushika mbele ya uso wangu, nikaapa kwa mkate ule kwamba Jumapili nitanunua nyama ya kondoo, mchele wa daraja la kwanza, na kila kinachotakiwa. Akanibusu begani. Nusura nilie.

Mkate wenyewe ulikuwa wa Zumrad. Sijui kama kiapo kinashika kwenye mkate wa jirani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilikwenda sokoni kwa nia safi. Mungu shahidi, kopo lilikuwa kwapani. Mchinjaji akataja bei ya paja la kondoo. Nikamwomba arudie. Akarudia, haikushuka. Nikasimama pale, watu wananipita, nikiona kicheko cha Hosiyat kwenye dirisha la basi.

Kisha nikawaza taratibu. Nimeapa kwamba nyama itakuwepo Jumapili. Itoke wapi, mkate haukuuliza. Nikisambaza mabakuli leo, kesho mchana yanarudi yamejaa: pilau kutoka kwa Bibi Sabohat, sambusa kutoka kwa Zumrad, na mapishi yao yanashinda yangu mara mia. Kwa kweli ni kwa faida ya Nafosat.

Nikarudi na figili, nimezilipia kwa sarafu za mfukoni mwangu.

Nikagawa vyombo vyote, hata sinia la shaba la harusi yetu. Kila mlango nikadokeza kwamba kesho saa za mchana tutakuwepo nyumbani, tuna wageni. Bibi Sabohat alipoona zile figili machozi yalimtoka. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana mwanangu, hapana, akaufunga mlango haraka.

Gesi imeisha jioni hii. Supu ya siku tano imeufyonza mtungi wote. Mpya nitanunua Jumatatu, kwani kesho nitapika nini? Kuna jiko dogo la umeme la kuchemshia birika moja.

Nafosat akauliza nyama iko wapi. Nikamwambia inakuja. Huo si uongo.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika nimejifungia chumba cha saa. Aibu! Ardhi ya Marg'ilon ingepasuka leo ningeingia kwa miguu yangu mwenyewe.

Wageni walifika, Bi Muhabbat na dada yake. Hosiyat bado, basi limechelewa. Nikawakaribisha, nikawakalisha mahali pa heshima. Kwenye kitambaa cha chakula kulikuwa na mikate, zabibu kavu, na matumaini yangu. Mabakuli hayakuja. Nikazungumzia hali ya hewa. Hayakuja. Nikazungumzia historia ya saa. Dada mtu akapiga mwayo, akaufunika kwa mkono. Jikoni Nafosat kasimama katikati, hana hata kisu cha kushika, maana hakuna cha kukata. Akanitazama mara moja tu. Sikuweza kumtazama mimi.

Nikaona nianze chai. Birika moja, na la pili kwa jiko lile lingechukua milele. Basi nikamimina yote kwa mara moja, nikavijaza vikombe hadi mdomoni.

Mimi! Mtu mzima! Kwetu hata mtoto mchanga anajua: mgeni wa heshima humiminiwa chai kidogo, uinuke tena na tena kumwongezea. Kikombe ukikijaza umemwambia kunywa uende zako. Bi Muhabbat akakitazama kikombe. Kisha akanitazama mimi. Kisha akavuta shali yake mabegani, na dada yake akawa tayari ameshika mkoba.

Nikataka kurekebisha. Nikakinyakua kikombe cha Bi Muhabbat, nikakinywa mpaka nusu, nikamrudishia.

Mkono ulikwenda wenyewe.

Hapo ndipo lango lilipogongwa. Nikasema moyoni, mabakuli! Nimeokoka! Nikakimbia kufungua. Na kweli mabakuli yalikuwepo. Lakini nyuma yake mtaa mzima. Mashrab mbele na toroli: gunia la unga, sukari, mafuta, paja la kondoo, koti la baridi la mtu fulani. Zumrad na sinia letu la shaba. Bibi Sabohat anafuta macho. Kumbe tangu asubuhi walikusanyika kwa Mashrab ili waje pamoja.

Wakaingia hadi ndani, mbele ya wageni. Nilijaribu kuuziba mlango kwa mwili wangu, Mashrab akanikumbatia.

"Kaka Tolib," akasema, "ulidhani hatuoni? Mtu anayegawa figili zake za mwisho hatamki kwamba ana njaa, lakini sisi tunaona. Mtaa huu haumwachi mtu wake. Usione haya."

Nilikuwa naona haya tangu kisiginoni mpaka utosini.

Mlangoni Hosiyat akatokea, mkoba mkononi, vumbi la safari. Akaona umati, akaona Bibi Sabohat analia, akauliza kwa sauti ya kukatika nani amekufa. Bibi Sabohat akamkumbatia, akamwambia pole mwanangu, riziki hupotea na hurudi, njaa si aibu. Hosiyat akanitazama juu ya bega la ajuza. Amekaa nami miaka mingi. Akaenda kabatini, akachukua kopo, akalifungua mbele ya wote. Fedha zote zilikuwa humo, zimekunjwa vile vile alivyozikunja yeye.

Saa zangu zote zilisikika. Nilimngoja Mashrab anitukane. Hakunitukana. Alilitazama kopo, akalitazama paja la kondoo, kisha akatazama chini, na masikio yake yakawa mekundu. Alikuwa akiona aibu yeye, kwa niaba yangu. Tusi lingekuwa rehema.

Na mimi nilikuwa na mawili tu ya kuchagua mbele ya washenga: maskini au bahili. Wallahi nilikuwa nafungua kinywa kuchagua maskini.

Nafosat akatangulia. Msichana anayeposwa hasemi mbele ya washenga. Akasema.

"Hatuna njaa," alimwambia Bi Muhabbat. "Baba anabana matumizi. Chai ile ni ya jana. Chakula mlichotarajia alitaka kipikwe na majirani. Ni bora mlijue hili leo kuliko baada ya harusi. Nawaomba radhi, nyinyi na wao."

Akainama mbele ya Bibi Sabohat, akainama mbele ya Mashrab, akatoka uani.

Bi Muhabbat akainuka. Wageni wakaondoka. Kikombe nilichokinywa nusu kilibaki pale pale.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hosiyat hanisemeshi. Anasemesha kopo. Alilimaliza lote: nyama, mchele, gesi. Akapika pilau tangu alfajiri, akayajaza mabakuli yote hadi kilele, akanikabidhi kitambaa cha begani. Mchana kweupe. Nyumba kwa nyumba. Kila mlango niseme mwenyewe nilichofanya.

Bibi Sabohat alinisikiliza, akaniuliza kama basi angalau kuku alikuwa mtamu. Nikasema alikuwa mtamu. Alikuwa ndiye kuku wake wa pekee anayetaga. Sikujua! Nikakaa kwenye kizingiti chake kwa muda.

Kwa Mashrab nilirudisha toroli na vyote vilivyokuwemo. Alipokea pilau, akakataa paja la kondoo.

"Nililitoa kwa moyo, silipokei tena," akasema. "Lakini ujue nilikulilia, kaka. Nilimwambia Zumrad tumekaa na ndugu yetu ukuta mmoja na hatukujua. Machozi yale ndiyo ningependa unirudishie."

Sikuwa na chombo cha kurudishia hayo. Nikaja nyumbani.

Nafosat kaenda kazini. Kitambaa alichokuwa akikipiga pasi kimekunjwa juu ya sanduku. Nimefungua saa tatu tofauti leo, sikuweza kufunga hata moja.

Jumatano, 16 Oktoba

Bi Muhabbat karudi! Bila dada yake, na sinia kubwa kichwani kwa mpagazi: mikate, haluwa, lozi, kitambaa cha hariri. Mimi nikajificha chumba cha saa, nikatega sikio mlangoni.

Alimwambia Hosiyat kwamba Jumapili alitoka na hasira, akafika nusu ya njia hasira zikaisha. Kwao jirani hata akifa hujulikana kwa harufu. Hapa mtu mmoja kapeleka figili, mtaa mzima ukajinyima. Na msichana aliyeweza kusema kweli siku ambayo uongo ungemfaa, hamwachi apite. Akasema anaomba waumege mkate wa uchumba leo leo, neno liishe. Sharti moja: mzee Tolib asimimine chai.

Wakamega mkate. Nikasikia Nafosat analia jikoni, kilio cha aina nyingine. Nilitoka. Alinitazama. Nikamwambia nisamehe mwanangu. Akanishika mkono, akasema chai ya jana ilikuwa mbaya kweli, baba. Tukacheka, na mimi nikalia, sioni haya kuandika.

Nimeapa. Kwa mkate wetu safari hii, ulionunuliwa. Sitafanya tena hila ya bakuli mtaani kwetu maisha yangu yote.

Alhamisi, 17 Oktoba

Asubuhi njema. Hosiyat kaanza kunisemesha. Kasema sinia la Bi Muhabbat lirudishwe Jumapili, na akakumbusha kwa sauti ya ukali kwamba halirudi tupu. Kisha akaenda kwa Zumrad.

Nimelitazama sinia lile. Pana! Mikono miwili hailizunguki.

Nimekuwa nikitafakari kwa unyenyekevu kosa langu lilikuwa wapi. Supu haikuwa kosa. Kosa lilikuwa majirani. Jirani anakujua mno, akiona karoti chache anawaza njaa. Wakwe hawanijui bado. Na wako upande wa pili wa mji, toroli haliwezi kufika. Na mabakuli yetu yote yamesharudi kutoka mtaani, safi, yamepangwa. Tukilirudisha sinia na juu yake bakuli letu kubwa, heshima tu, kidogo kidogo, bakuli hilo nalo litabidi lirudi.

Nyumba ile ina ng'ombe.

Kiapo kilikuwa cha mtaani kwetu. Nimekisoma tena hapo juu, kimeandikwa wazi.

Kuna karoti mbili kikapuni. Gesi ni mpya. Maji nimeshayateka jikoni, yanaanza kuchemka.